Nyuzi Nne Zilizopotea Njiani

Bondeni, 6 Januari

Shemeji yangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kaka naye mzima, akikohoa tu pale anapotaka asikilizwe. Mimi sijambo isipokuwa magoti, na magoti yangu si habari mpya.

Ndani ya bahasha kuna fomu ya vipimo vya maji ya wiki nzima. Ichape, umpelekee Mkuu wa ofisi kama kawaida. Nisingekuchosha na maneno zaidi, maana najua huko masjala karatasi si kitu mlichopungukiwa. Lakini huku simu haishiki, na nimekuwa mtu wa kuongea na samaki, ambao wiki hii hata wao hawana hamu ya mazungumzo.

Kijito kimekonda. Pale darajani, ambapo majira ya mvua maji yanafika kifuani, sasa kuku anavuka bila kulowa mapaja. Jua linapiga mawe, mawe yanapasha maji, na trauti ni samaki wa maji baridi, hakuumbwa akae kwenye supu akiwa hai. Mwanzoni walipanda hadi pale maji yanapovunjika juu ya mawe, kwa sababu maji yakivunjika yanachukua hewa, na maji ya moto hayana hewa ya kutosha. Wakakaa hapo vinywa wazi. Mmoja nilimpima kwa saa yangu ya mkononi, si unajua nilikuwa fundi saa kabla sijawa mlinzi wa kijito. Matamvua yake, yale anayopumulia kando ya kichwa, yalifunguka mara mia na kumi na mbili kwa dakika. Maji yakiwa baridi huwa sitini tu. Wala hali chakula. Panzi alimwangukia karibu na pua, akamwacha apite zake.

Haya sikufundishwa na mtu. Ofisi ilinipa buti, kipimajoto na kitabu kilichong'oka kurasa thelathini za mwanzo, kwa hiyo samaki namjua kuanzia kiunoni. Yaliyobaki nimejifunza kwa kulala kifudifudi ukingoni.

Juzi wote wametoweka darajani. Hawajafa, wamehama. Wamepata pahali. Pahali penyewe sikutajii, kwa kuwa barua zako wakati mwingine hufunguliwa kwa bahati mbaya na mume wako, na mume wako ndiye mwenyekiti wa chama cha wavuvi.

Na hao ndio ninaowaogopa. Jumamosi ya pili ya Februari chama kina mashindano hapa, fimbo za kuvulia thelathini. Kanuni unaijua: vipimo vya joto vya wiki vikizidi nyuzi ishirini, kijito kinafungwa mpaka mvua. Wavuvi wa chama ni watu wema. Wanamnasa samaki, wanampiga picha, wanamrudisha majini na kumpungia mkono. Kwenye maji baridi anakwenda zake. Kwenye maji haya jioni namkuta mimi, tumbo juu.

Vipimo nimeviandika jinsi maji yanavyowaka: ishirini na tatu, siku zote saba. Vikishafika mezani kwa Mkuu, kazi imekwisha.

Shemeji yako,
Mlinzi wa Kijito


Mjini, 12 Januari

Shemeji,

Kaka yako hakohoi tena. Sasa anapiga chafya, naona amepandishwa cheo. Fomu nimeipata. Saba zako zinafanana na moja zilizovaa kofia, lakini nimeshazizoea.

Nyumba yangu imegeuka karakana. Meza ya chakula ina fimbo sita za kuvulia, nasi tunakula tumeshika sahani mapajani kama wageni wa msiba. Juzi nilikaa kwenye kochi juu ya ndoana. Ilinasa wapi sitakwambia, ila muuguzi aliyeitoa alikuwa na maswali. Dereva akasema ile ndoana ni nzuri sana, nisiitupe. Nikikasirika namwita Dereva: miaka thelathini ya kuendesha lori la mafuta, na bado anadhani kila kilicho mbele yake kitampisha.

Ninyi wawili mtaongea lini? Jina lako halitaji. Jana aliuliza ukuta, "Sijui huko mtoni kuna maji." Nikamwambia ukuta haujui, muulize mdogo wako. Akaondoka kwenda kunyoa ndevu, na alikuwa ameshanyoa.

Sasa la ofisini, lisikilize vizuri. Wiki iliyopita Mkuu alisimama mlangoni kwangu na kikombe mkononi akasema, "Trauti hawaishi kwenye nyuzi ishirini na tatu. Kijito kikifika hapo, ujue hakina samaki. Na kijito kisicho na samaki hakihitaji mlinzi." Alikuwa anasema juu ya kijito cha ng'ambo, lakini macho yalikuwa kwenye rafu ya faili zako. Mlinzi wa ng'ambo ameshaletwa mjini. Anagonga mihuri kwenye chumba kisicho na dirisha, na mtu akimpita anamwangalia miguuni, sijui anatafuta nini.

Basi nikarudi kitini nikafungua bahasha yako. Usiwe na wasiwasi. Nimekutengenezea mambo. Fomu yako imeingia kwa Mkuu safi kama shuka la mgeni. Wewe endelea tu kupima.

Shemeji yako,
Mama Masjala


Bondeni, 21 Januari

Shemeji,

Gari la maziwa limeniletea barua ya Mkuu. Nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimesimama, labda ingebadilika.

"Kwa kuwa vipimo vya wiki mbili mfululizo vinaonyesha nyuzi kumi na tisa, kijito kitabaki wazi na mashindano ya chama yataendelea kama yalivyopangwa. Tunakupongeza kwa kulitunza bonde."

Kumi na tisa. Mimi niliandika ishirini na tatu. Nyuzi nne zimepotelea wapi kati ya bonde na meza yake? Najua gari la maziwa lina barafu, lakini sijasikia ikipoza karatasi.

Huko ofisini kuna mtu ana kisa na mimi? Yule karani mrefu nilimwambia saa yake ni bandia, ni kweli, lakini ni miaka minane sasa na saa yenyewe ni bandia kweli.

Shemeji, mzaha tuuweke kando. Hapo walipo ni padogo kuliko kitanda cha watu wawili. Nimewahesabu arobaini na wanne. Kwa kawaida trauti hawapendani hata kidogo. Kila mmoja ana jiwe lake, na mwenzake akisogea anafukuzwa kama mdai. Sasa wamelala bega kwa bega, wakubwa kwa wadogo, mithili ya majirani wasiosalimiana waliokutana kwenye benchi la zahanati. Mwenye ndoana akipagundua hapo, atakuwa kama amevua chumbani. Kijito chote kimebaki ni hicho kitanda.

Zimebaki wiki tatu. Nitafutie nani aliyeshika kalamu.

Mlinzi wa Kijito


Mjini, 24 Januari

Shemeji,

Usimtafute karani mrefu. Aliyeshika kalamu ni mimi.

Mkuu alipokwisha kusema yale ya mlinzi wa ng'ambo, nilifungua fomu yako nikakuta ishirini na tatu mara saba, zimepangwa kama watu wanaosubiri kufukuzwa kazi. Nikakufikiria umekaa na magoti yako kwenye chumba cha mihuri. Nikaandika kumi na tisa. Wiki iliyofuata nikaandika tena, maana uongo ukishauanza haukuachi uende likizo.

Nimekaa masjala miaka ishirini na sita na sijawahi kuhamisha hata nukta. Nimebakiza miwili nistaafu. Nilidhani nakuokoa wewe. Wale samaki sikuwafikiria, nisamehe, mimi samaki namjua akiwa kwenye sahani.

Sasa nifanye nini? Nikimwambia Mkuu, mimi narudi nyumbani kukaa na ndoana na wewe unaletwa mjini. Nisipomwambia, thelathini wanakuja na fimbo. Dereva anaimba bafuni. Anasema mwaka huu ni wake.

Mama Masjala


Bondeni, 28 Januari

Shemeji yangu,

Kabla hujaendelea kusoma, kaa chini. Chagua kiti cha mbao.

Fomu ya ofisi inasema kipimo kichukuliwe darajani saa tatu asubuhi. Saa tatu asubuhi maji bado yana baridi ya usiku. Unajua huwa ni nyuzi ngapi? Kumi na tisa. Kila siku, Shemeji, siku zote saba, sawasawa na ulivyoandika wewe ukiwa umekaa mjini hujaona hata tone.

Ishirini na tatu ni ya saa nane mchana, wakati samaki wanapohema. Fomu haina nafasi ya saa nane, kwa hiyo niliiandika kwenye mstari wa saa tatu. Nilijiambia sijadanganya joto, nimedanganya saa. Na mimi ni fundi saa.

Kwa maneno mengine umeghushi karatasi iliyokuwa imeshaghushiwa, ikatoka ya kweli. Nimecheka peke yangu hadi mbwa akatoka nje. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu ukweli wenyewe ndio unaotuletea fimbo thelathini.

Kwa Mkuu usiende bado. Amebaki mtu mmoja wa kumwendea, na ndiye ambaye nisingependa kumwendea. Barua yake nimeiambatanisha. Mpe akishashiba, na usikae pale kumwangalia akisoma.

Mlinzi


Bondeni, 28 Januari

Kaka,

Shikamoo.

Ni miaka miwili tangu niandike ripoti ukanyimwa leseni msimu mzima. Kwa ripoti yenyewe siombi radhi. Kanuni ni samaki watatu, kapuni mlikuwa na wanne, na wewe unajua kuhesabu. Ninachokuomba radhi ni kwamba sikukwambia kwanza. Uliisikia ikisomwa kwenye mkutano mbele ya watu uliowafundisha kufunga ndoana. Hilo halikuwa sahihi. Nilipaswa kuja nyumbani nikwambie, unitukane, halafu niandike.

Nina shida na mashindano yenu. Nitakwambia kitu ambacho sijamwambia mtu, hata mkeo.

Ukivuka daraja, panda na maji mwendo wa robo saa mpaka kwenye ukuta wa mawe uliobomoka. Upande wa kushoto kuna magugu marefu. Chini ya ukingo, nyuma ya hayo magugu, kuna chemchemi inatoka ardhini bila kuonekana. Samaki wote wa kijito hiki, wote, wako hapo.

Sasa unajua. Wewe una fimbo sita na mimi nimekuonyesha mlango.

Njoo uangalie, siku yoyote, saa nane mchana. Lala kifudifudi, usitie kivuli juu ya maji. Njoo bila fimbo. Ukija nayo sitaandika ripoti tena. Nitajua tu kwamba nilikosea kukuandikia, na nitalimeza.

Mdogo wako


Mjini, 5 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba.

Nimeshakuja. Nilikuja Jumanne, kwa sababu Jumanne unapanda kule juu kupima. Sikutaka unione nimelala kwenye matope kama gari lililoacha barabara.

Wanne walikuwa wanne. Wa nne alikuwa mdogo, nikadhani haonekani. Hilo tumelimaliza.

Fimbo sikuja nayo. Mshipi na ndoana moja vilikuwa mfukoni, nakwambia ukweli, mimi natembea navyo kama mwenzangu anavyotembea na funguo. Nikalala. Mwanzo sikuona kitu, nikasema huyu mtoto amenidanganya. Kisha macho yakazoea, nikagundua kwamba nilichodhani ni changarawe kilikuwa migongo.

Yule mkubwa yupo, mwenye kovu mdomoni. Kovu lile nililitia mimi, mwaka ule aliokata mshipi wangu mbele ya chama kizima. Miaka yote nimemsimulia huyo. Alikuwa karibu kiasi kwamba ningemshika kwa mkono. Nilimwangalia, naye akaniangalia, hakukimbia. Alikuwa anapumua tu. Nimevua tangu sijaota ndevu na sijawahi kuona samaki asiyekimbia. Inatia aibu, sijui kwa nini.

Nikatia mkono pale walipo, vidole vikafa ganzi. Nikautia hatua mbili pembeni, ikawa chai. Nilirudia mara kadhaa. Mtu angeniona angesema mzee amechanganyikiwa.

Mashindano siwezi kuyafuta. Chama kimeshakodi basi, na Mkuu wako amesema kijito ni salama. Nikiwaambia sababu, watauliza nimejuaje, na kabla jua halijazama wote watakuwa kwenye magugu yako. Kwa hiyo siku hiyo kaa ndani. Usitoke, usiniulize, usichungulie. Mwenyekiti ni mimi.

Ndoana imerudi nyumbani. Mke wangu ameificha, na safari hii sikuuliza iko wapi.

Kaka yako


Mjini, 18 Februari

Shemeji,

Najua umekaa ndani kama ulivyoambiwa, na najua umekufa kwa hamu ya kujua. Basi fungua masikio.

Dereva alifika na basi alfajiri. Akapanga vibendera vyekundu kutoka darajani kwenda chini, upande ule maji yamebaki kama ya kuoshea vyombo, akatangaza kwamba atakayevuka kibendera kwenda juu ameondolewa. Watu thelathini wakavua kuanzia saa moja asubuhi hadi saa saba mchana, kwenye maji ambayo mwenyekiti wao alijua hayana hata kiluwiluwi. Naye akavua pamoja nao. Kila nusu saa anasema, "Nimehisi kitu." Nilikuwepo, nilipeleka chai. Nimeolewa naye miaka thelathini na mitatu, sikujua kwamba anaweza kuigiza.

Wote walitoka kapa. Kilichonaswa ni kikombe cha bati na soli ya kiatu. Yule mhasibu mwenye kofia ya manyoya alidai soli ipimwe urefu.

Wakarudi wamenuna, na kwenye basi hilohilo wakamvua uenyekiti. Walisema mtu asiyejua samaki walipo hawezi kuwaongoza wavuvi. Yeye, Shemeji, ambaye wakati huo alikuwa anajua walipo mmoja mmoja. Nilimwangalia. Alikuwa anaangalia dirishani, anauma mdomo ili asicheke. Nyumbani anasema alijiuzulu.

Lakini Jumatatu tulipata tulichokuwa hatujakifikiria. Mkuu aliniletea karatasi ya kuchapa: "Fimbo thelathini, samaki hakuna. Kijito kiondolewe kwenye orodha. Mlinzi aripoti mjini mwisho wa mwezi."

Nikaweka vidole kwenye mashine na vidole havikwenda. Nikanyanyuka, nikaingia kwake nikafunga mlango, kitu ambacho sijawahi kukifanya, hata yeye akatazama kitasa.

Nikasema, "Mkuu, vipimo vya bondeni nilivibadilisha mimi. Viliandikwa ishirini na tatu."

"Kwa hiyo karatasi niliyonayo ni ya uongo?"

"Hapana, Mkuu. Ni ya kweli. Hiyo ndiyo shida yenyewe."

Nikamweleza yote, saa tatu yako, saa nane yako, kumi na tisa yangu. Aliniomba nirudie mara mbili. Mara ya pili akachora mstari kwenye karatasi ili asipotee. Kisha akatoa fomu tupu kwenye droo akaisoma kama hajawahi kuiona.

"Hii saa tatu asubuhi," akasema, "unajua nani aliiweka?"

Nikasema sijui.

"Mimi. Nilikuwa afisa mdogo, nina pikipiki moja ya ofisi. Ikishapata jua ilikuwa haiwaki. Nilitaka niwe nimesharudi kabla ya saa nne." Akaiweka fomu mezani. "Miaka ishirini na tisa watu wanapima maji kwa ajili ya pikipiki yangu."

Hakucheka, nami nikaona si vizuri nianze.

Adhabu ipo. Wewe umepewa onyo la maandishi, nami pia. Yote mawili nimeyachapa mwenyewe. La kwangu nimelipanga vizuri zaidi, utanisamehe. Fomu mpya ina mistari miwili, asubuhi na mchana. Kijito kimefungwa tangu leo hadi mvua. Lakini kazi yako bado inaning'inia, kwa sababu Mkuu anasema hawezi kumlipa mlinzi wa samaki wa kusimuliwa. Anakuja Alhamisi ya wiki ijayo awaone kwa macho yake. Nimemwambia avae nguo za kuchafuka. Sidhani kama anazo.

Mama Masjala


Bondeni, 10 Machi

Shemeji, na Kaka ambaye anasoma begani kwangu huku akijifanya anatafuta kiberiti,

Samahani kwa ukimya. Mvua ilipoanza, gari la maziwa halikushuka bondeni wiki nzima, na mengi yametokea.

Mkuu alikuja Alhamisi ile akiwa na tai. Nikamwambia alale. Alitandaza gazeti kwanza, kurasa nne, akalala juu yake mikono ubavuni kama anayepigwa eksirei. Kisha nikamsikia anahesabu kwa kunong'ona, anakosea, anaanza upya. Akapata thelathini na nane. Mimi nilikuwa na arobaini na mmoja, kwa sababu wadogo watatu walikuwa wameshakufa wiki iliyotangulia. Niliwazika chini ya ukuta na kuwaandika kwenye fomu, kwenye mstari uliowastahili. Hakuna aliyetaka kuhesabu tena, yeye kwa ajili ya tai na mimi kwa ajili ya magoti, basi tukaandika arobaini. Hapo nikajua Mkuu naye ni mwenzetu.

Alipoinuka, akiwa na habari za michezo zimemganda kifuani, aliniuliza swali moja tu: kivuli cha magugu kinakaa hapo hadi saa ngapi? Nikamwambia hadi saa kumi. Akasema nipande miti upande wa magharibi, ofisi italeta miche. Anayetaka kukuhamisha hakwambii upande miti. Barua ya kunibakiza ilifika kabla ya mvua, na nimeujua mkono wa mchapaji kwa jinsi mistari ilivyonyooka.

Mvua ilianza tarehe mbili. Siku ya kwanza kijito kilinywa chote, hakikuonyesha kitu. Ya pili kikaanza kuongea. Ya tatu kikawa na rangi ya kahawia, kikapanda juu ya mawe, nikatia kipimajoto saa nane mchana na nikapata kumi na sita. Nikaenda kwenye magugu, nikalala kwenye maji maana hakukuwa tena na pakavu. Hapakuwa na hata mmoja. Nakiri roho ilishtuka. Miezi miwili nimekuwa nikiamka na kuwahesabu, na sasa wameondoka bila hata kuaga.

Kaka alifika Jumapili kwa miguu kutoka barabara kuu, na koti lake la mvua la enzi za lori. Hakusema kwa nini amekuja. Tukashuka hadi darajani. Maji yalikuwa yameanza kutakata, na pale kwenye jiwe kubwa alikuwepo yule mwenye kovu, ameelekeza kichwa kwenye mkondo, mnene kama si yeye. Mdogo mmoja akasogea. Akamrukia, akamfukuza hadi ng'ambo. Akarudi. Mwingine akasogea, naye akafukuzwa.

"Wameanza kugombana," kaka akasema. "Basi wamepona."

Tulikaa hapo hadi tukalowa vizuri. Njia nzima ya kurudi tumebishana kama yule ni dume au jike. Yeye anasema dume, kwa sababu ya hasira. Mimi nasema jike, kwa sababu hiyohiyo. Ameninunia kidogo, kisha ameosha vyombo.

Bonde lote liko salama, arobaini na mmoja au arobaini, wamerudi kila mmoja kwenye jiwe lake. Ofisi imesema wapumzike kwanza, msimu utafunguliwa mwezi wa tano. Kaka ameuliza tarehe mara mbili, kisha akauliza kama mtu anaweza kuja tu akaangalia, bila leseni. Nimemwambia kanuni haikatazi.

Anasema atakaa hapa hadi wiki ijayo kwa sababu barabara imeharibika na magari hayapiti. Barabara ni nzima, Shemeji. Gari la maziwa limepita leo asubuhi, na ndilo lililobeba barua hii.

Wako,
Mlinzi wa Kijito